Shikamoo ya Kiangazi

Kiangazi alitakiwa kufa kwa kosa alilolifanya kabla hajazaliwa. Hakuna aliyeona ajabu. Wazee wa baraza walilizungumza jambo hilo kama wanavyozungumza habari ya ng'ombe aliyeingia shamba la mtu: lini, wapi, na nani atabeba chakula cha safari.

Kwanza, Kiangazi hakuwa mtu. Alikuwa upanga. Uliitwa hivyo kwa sababu, walivyosema, ulipopita hakikubaki kitu kibichi. Mtu aliyeushika aliitwa Kiangazi, na aliyeushika kabla yake aliitwa Kiangazi, na kabla ya huyo vilevile, kurudi nyuma mpaka mahali ambapo hata wasimulizi huanza kukohoa na kuomba maji. Nchi ile haikuwa na jina, kwa sababu wenyewe hawakuwahi kutoka nje yake wakaulizwa wanatoka wapi. Ila shujaa ilikuwa naye, mmoja tu, na hakuwahi kufa. Mwili ulianguka, ndiyo. Miili huanguka. Lakini sheria ilisema mpini usipoe. Mkono ulio karibu uushike ukiwa bado na joto la mkono uliotangulia, na mwenye mkono huo, awe nani, ndiye Kiangazi, yule yule wa jana na wa juzi na wa enzi za mababu. Mwili ulioanguka ulifukiwa bila jina na bila kilio, kama mtu anavyofukia kucha alizokata.

Huyu wa sasa alikuwa mwezekaji wa nyumba. Hakwenda vitani kupigana. Alikwenda kubeba chungu cha uji. Kiangazi wa wakati ule akaanguka mbele yake na mshale shingoni, upanga ukalala njiani, na mwezekaji, mtu aliyelelewa asiache mali ya mwenzake ikakanyagwa, akatua chungu, akauokota ili amkabidhi mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amekwisha. Alipoinua kichwa aliona jeshi zima limepiga goti.

"Kiangazi!" wakasema.

"Hapana jamani, mimi nimeleta uji."

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Wakasema Kiangazi siku zote ana utani.

Wakampeleka nyumbani kwake, yaani nyumba ambayo hakuwahi kuiingia. Mlangoni alisimama mwanamke aliyemzidi umri, jina lake Mashavu, ndiye mkewe. Mwezekaji akafanya alivyofundishwa na mama yake. Akasema, "Shikamoo mama."

Mashavu akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Wewe mwanamume, mume hamwamkii mkewe shikamoo. Umechelewa. Kaa ule."

Akakaa, akala chakula alichopikiwa mwingine asubuhi ile. Akavaa makubazi ya mwingine, visigino vikabaki nje. Mwanamke alimtazama anavyotafuna, akatazama pembeni, akaenda nyuma ya nyumba kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Hakulia. Mke wa Kiangazi hana cha kulilia, maana mumewe huyo hapo, anakula.

Hivyo miaka ikaenda. Au haikwenda. Katika nyumba ile ilikuwa vigumu kujua. Mtu akiambiwa kila siku kwamba alikuwepo kabla ya babu yake, mwisho huanza kumkumbuka babu yake akiwa mtoto. Mwezekaji alijikuta anajua njia ambazo hajapita. Alijua ladha ya tende za bustani iliyoungua moto zamani. Asubuhi nyingine aliamka na maumivu kwenye bega alilochomwa mkuki mtu mwingine. Alijiuliza kama mwili wake ni nyumba na wale wa zamani ni wapangaji, au yeye ndiye mpangaji na siku moja watamtolea vyombo nje. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limemtoka. Alilitafuta kama mtu anayepapasa mwiko gizani jikoni kwake mwenyewe, anajua upo, mkono unapita juu yake, haushiki.

Na aliua. Hilo lisemwe wazi. Alipigana vita viwili akiwa na upanga ule, na watu waliokufa mbele yake walikufa kweli, wakimtazama yeye na si mwingine. Hakuna aliyewahi kumwuliza juu yao. Alijua kwa nini. Habari zao angeulizwa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kila mwaka baada ya mavuno ilifika Siku ya Matendo. Watu walikusanyika uwanja wa kupuria nafaka, na Kiangazi akasimama katikati, akasimulia yote aliyoyafanya tangu mwanzo. Hakuruhusiwa kusema "alifanya." Alisema "nilifanya." Mimi niliushika mlima. Mimi nilivunja lango. Mimi, mimi, mimi, mpaka jua linafika kichwani.

Kati ya matendo hayo moja lilimkwama kooni. Zamani, watu wa Juu, wanaokaa huko mfereji unakotokea, walishuka na ngoma kuleta bibi harusi na kumaliza ugomvi. Mbele yao alitembea msichana akiipiga ile ngoma. Kiangazi akawangoja kivukoni, akawamaliza wote tisa, msichana wa mwisho. Wasimulizi walilipenda tendo hilo kwa sababu lilikuwa fupi na watu hupiga vigelegele.

Mwaka wa kwanza mwezekaji alilisema kama alivyofundishwa. Mwaka wa pili ulimi wake ukateleza ukaongeza. "Msichana aliniomba maji," akasema. "Nikampa kibuyu. Akanywa. Ndipo nikamwua." Wanawake wakafuta macho kwa pembe za khanga. Aliongeza hayo kwa ajili yake mwenyewe, apate mahali pa kukanyagia katika habari isiyokuwa na mahali pa kukanyagia. Lakini habari inayoliza watu haiachwi. Mwaka uliofuata kibuyu kikapata ufa, maji yakamchuruzika msichana kidevuni, yakamlowesha kifua. Mwaka wa baada ya hapo yakalowesha na ngozi ya ngoma, hata ilipoanguka haikutoa sauti.

Habari ile ikapanda mfereji ikiwa mdomoni mwa mchuuzi wa chumvi, ikawafikia watu wa Juu. Wakaisikiliza mpaka mwisho. Kisha wakafunga lango la magogo, na mfereji ukakauka.

*

Siku wajumbe wa Juu walipokuja, ndama walikuwa wanalamba kuta. Watu walikuwa wanakamua mashina ya migomba wapate cha kulowesha midomo ya watoto. Kila mtu chini alijua kitu kimoja: lango lisipofunguliwa kabla mwezi haujaandama, hakutakuwa na mtu wa kufunguliwa.

Msemaji wao aliitwa Ngwali, mnene, mwenye macho ya mtu anayenunua. Alikuja na shangazi yake, Chausiku, bibi kizee wa fimbo, aliyekaa kitako kwenye ukumbi wa baraza bila kukaribishwa. Upande wa chini alisimama Jumbe Kitwana, mkuu wa baraza, na kofia yake ya sherehe.

"Tunamtaka mtu," Ngwali alisema. "Hatutaki mbuzi. Hatutaki pole. Msitupe shanga."

"Chukueni upanga wenyewe," Jumbe akasema. "Ni kitu kikubwa hicho. Ni roho yetu."

"Tuufanyie nini, tukatie vitunguu? Chuma hakina kosa, mzee wangu. Tunamtaka aliyekishika pale kivukoni."

"Kiangazi hafi," Jumbe akasema. Hakuweza kujizuia. Ilimtoka kama chafya.

"Vizuri sana. Basi hatujachelewa."

Wakacheka hata baadhi ya wazee wa chini. Jumbe akawatazama, wakaacha.

Kiangazi akaitwa. Aliingia ameinama kidogo kwa sababu ya mlango, na alipoinuka macho yake yalikwenda darini. Aliezeka paa lile yeye, miaka ile alipokuwa mtu. Aliyaona mafundo yake, yamesokotwa kwa mkono wa kushoto, hakuna fundi mwingine aliyefunga hivyo. Ndani ya nchi nzima yale mafundo ndiyo pekee yaliyomjua. Akashusha macho akiwa bado ameduwaa, akamwona bibi kizee amekaa mbele yake, na ulimi ukamtangulia.

"Shikamoo bibi."

Ukumbi ukawa kama umemwagiwa maji baridi, ingawa maji hayakuwepo.

Maana mdogo ndiye humwanza mkubwa. Hilo halina mjadala, hata adui hulifuata. Na Kiangazi wa kivukoni alikuwa mwanamume mwenye ndevu siku zile Chausiku alipokuwa anang'oka meno ya utoto. Kama huyu ndiye yule, bibi ndiye aliyepaswa kuamkia, na yeye kuitikia.

Jumbe Kitwana akaanza kukohoa kikohozi kisicho na kifua. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Ametumaliza." Ngwali akapiga paja.

"Mmesikia? Mmesikia jamani? Muuaji wetu mkongwe, hafi, hazeeki, anamwamkia shikamoo mtoto wa siku zile! Nyie watu wa chini, mnatuletea nani hapa?"

Chausiku hakucheka. Alimtazama Kiangazi kuanzia makubazi yaliyoacha visigino nje, akapanda taratibu, akafika usoni, akakaa hapo. Angeweza kunyamaza, na shikamoo isiyoitikiwa ingebaki imening'inia hewani kama nguo ya mtu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha kwa Ngwali, bila kugeuka, "Na wewe funga domo. Nataka kuongea naye peke yangu."

*

Wakakaa nje kwenye ukingo wa birika la kunyweshea ng'ombe, ambalo chini yake palikuwa na nyufa na mfupa mmoja.

"Una umri gani?" bibi akauliza.

"Sijui nikutajie wa nani."

"Wa magoti yako."

"Magoti yana arobaini na kitu."

"Basi hukuwepo."

"Sikuwepo, bibi."

"Nilijua hivyo tangu uliponiamkia. Labda na kabla. Sasa nijibu moja. Habari ya maji uliipata wapi?"

"Niliitunga."

"Hukuitunga."

"Bibi, naapa. Niliitunga nikiwa nimesimama, mbele ya watu."

Chausiku akachora kitu kwenye vumbi kwa fimbo, akakifuta. "Yule alikuwa dada yangu, Sikitu. Nilikwenda na mama kumchukua. Kifua chake kilikuwa kimelowa, si damu, maji. Ngoma imelowa. Kibuyu kilikuwa pale pembeni kina ufa. Mama akatukataza tusiseme. Angesema nini? Kwamba aliyemwua mwanawe alimhurumia kwanza? Jambo hilo halibebeki, akazikwa nalo. Waliolijua wote wamekwisha kufa. Nimebaki mimi. Na wewe."

Kiangazi alihisi ardhi inasogea, kama mtu aliye juu ya paa anavyohisi boriti inapotoa mlio. Kama hakuyatunga maji, basi aliyakumbuka. Kama aliyakumbuka, ni nani aliyekuwa pale? Na kama mtu anaweza kukumbuka mkono wake ukitoa kibuyu, je, anaweza kuukataa mkono wa pili?

"Nilizunguka maisha yangu yote kuuliza," bibi akaendelea. "Nilimwuliza jumbe wa zamani, akasema ilikuwa vita. Nikawauliza askari waliokuwa wamesimama kwenye majani, wakasema ilikuwa amri. Nikamtafuta aliyetoa amri, nikamkuta hana meno, akaniambia ulikuwa upanga. Watu wote wale wakafa na hakuna aliyewaua. Halafu nasikia yuko mtu huku chini husimama kila mwaka akasema mimi."

"Nasema kwa sababu ni mila."

"Najua. Nataka useme tena, mbele ya watu wangu, na usikwepe kinachofuata. Utasimama ndani ya mfereji, na lango litafunguliwa."

"Na nikisema mimi ni mwezekaji?"

"Utakwenda nyumbani. Nasi tutakwenda nyumbani. Lango litabaki limefungwa. Siwezi kufungua maji kwa kichwa cha mwezekaji, mwanangu, Ngwali na wenzake watanicheka na watu wako watakauka."

"Kwa hiyo nikifa nikiwa mimi, haisaidii kitu. Nikifa nikiwa yeye, inasaidia."

"Ndiyo."

"Na wewe unajua si mimi."

"Huruma yangu nimeshaitoa nilipokuitikia. Sina nyingine."

*

Upanga ulikuwa mapajani mwake. Jua la mchana. Mtu na chuma.

Niuache. Ni kuufungua tu mkono. Mpini utapoa kama uji unavyopoa, kwanza juu, kisha ndani, na mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mtu aliyekaa chini na upanga si wake. Nitapanda paa la mtu. Nitakunywa nini huko juu ya paa?

Mimi. Nimelisema neno hili kuliko mtu yeyote katika nchi hii na sijawahi kulitumia.

Yule alisema ni vita. Yule alisema ni amri. Yule alisema ni upanga. Na ukiuuliza upanga, utasema nini? Utasema ni mkono. Na mkono utasema ni njaa ya chuma. Wote wamesogea hatua moja nyuma, kila mmoja kidogo tu, mpaka pale katikati pamebaki pana watu tisa waliokufa na mahali patupu ambapo mtu angesimama.

Pana ukubwa wangu mahali pale.

Na wale wangu? Wale wa vita viwili. Yule wa kilima aliyesema "ngoja kwanza" kama tulikuwa tunanunuliana samaki. Huyo ataulizwa nani? Atatokea fukara mmoja, bado yuko tumboni mwa mama yake, ataokota kitu njiani kwa sababu ya adabu, na bibi mwingine atakuja na fimbo.

*

Mashavu alikuwa anasaga mtama usiokuwa na maji ya kuupikia. Mikono inasaga tu, kwa sababu ilizoea.

"Wameamua nini?"

"Wameniachia mimi niamue."

"Ujue basi wamekwisha kuamua."

Akakaa karibu naye. "Mashavu, wale wenzangu. Walipokuwa wanasimulia habari ya kivukoni, waliwahi kutaja maji?"

Jiwe likasimama. Katika nyumba ile hawakuwahi kusema "wale." Mwanamke akatazama mlango, kisha akajifuta mikono.

"Wa pili alikuwa mlevi, angesema lolote. Wa kwanza hakutaja. Akifika pale kivukoni alikimbiza maneno, kama mtu anayepita makaburini. Lakini hakunywa maji mbele ya mtoto wa kike. Akiingia binti wa jirani, anakiweka kikombe chini. Nilidhani ni maringo."

"Alikuwa yeye."

"Alikuwa yeye. Nimewahi kukwambia nilikuja humu ndani nikiwa na miaka kumi na mitano, naye alikuwa na mvi na kovu kwenye nyusi? Alinichongea mwiko mwenyewe, akanionyesha jinsi ya kumchinja kuku asihangaike. Nilimpikia mpaka siku aliyotoka asubuhi na jioni akarudi mwingine, mwembamba, akaniambia eti nimechelewa kidogo mke wangu." Akacheka kicheko kifupi kikavu. "Sijui hata walikomfukia. Nimepita nikikanyaga nchi hii yote kwa uangalifu, huenda ni hapa, huenda ni pale."

"Nikienda, nitakuwa nimemfia yeye. Aliyekula chakula chako kabla yangu."

"Nalijua hilo."

"Na unataka niende?"

"Bwana wee, mimi nataka maji. Nataka kulia, maana ukifa mbele za watu Kiangazi atakuwa amekufa kweli, na nitaruhusiwa. Na nataka jioni urudi ule. Chagua wewe. Mimi ukiniachia nitachagua yote matatu."

Kisha akaongeza kwa ukali, "Na uvue makubazi hayo. Hayakukutosha hata siku moja. Nenda na miguu yako."

*

Watu walisimama kingo zote mbili za mfereji, wa Juu huku na wa chini huku, wa chini wakiwa na ndoo na vyungu na mabakuli. Hakuna aliyeficha chombo chake. Kiangazi aliviona vyote, akaona na bakuli la udongo la mtu aliyekuwa na haya kidogo, amelishika nyuma ya mgongo.

Chini kwenye mchanga wa mfereji, karibu na mahali aliposimamishwa, alikuwapo mwanamume mwingine, msuka mikeka, mpole. Mbele yake kijungu cha makaa, naye anapasha viganja vyake.

"Wewe unafanya nini humu?"

"Nimetumwa na Jumbe," akasema yule. "Nimeambiwa nikae karibu. Lango likitoa sauti, niushike mpini, nipande ukingo haraka." Akageuza viganja juu ya makaa. "Kiangazi asije akakatika, amesema. Samahani sana. Mimi nilikuja huku kuuza mikeka."

Kumbe baraza lilitaka kulipa na kubaki na chake. Kiangazi akatazama juu, akamwona Jumbe Kitwana anajifanya anaangalia mawingu yasiyokuwepo.

Akachomoa ukanda wa ukili kiunoni. Akaufunga mpini kwenye mkono wake, akausokota kwa mkono wa kushoto, akakaza kwa meno. Fundo lile likilowa hukaza zaidi, ndiyo sababu mapaa yake hayakuwahi kuondoka na upepo. Hakuna mtu angelifungua kabla mpini haujapoa. Hata yeye.

"Nenda kauze mikeka yako," akasema. "Mwambie Jumbe fundo limekataa."

Msuka mikeka akapanda ukingo akiteleza, akiacha makaa yake. Jumbe akapiga kelele, "Hiyo ni mali ya watu! Wewe! Huna ruhusa!" Sauti yake ikapasuka, na watu wa chini wakatazamana, kwa maana hawakuwahi kumsikia mtu akimwambia Kiangazi hana ruhusa.

Chausiku akasogea ukingoni.

"Watu tisa walishuka na ngoma," akasema kwa sauti isiyokuwa kubwa. "Nani aliwaua?"

"Mimi."

Lilimtoka jepesi. Alikuwa amejiandaa kwa neno zito. Akaendelea, kwa sababu mwenye kusema hilo anadaiwa na yanayofuata. Akasema aliyekuwa mbele na aliyekuwa nyuma, na nani aliyekimbia, na bibi harusi aliyejifunika uso kwa shela ili asione. Mengine hakuwahi kufundishwa. Yalikuwa yanakuja. Mchanga ukawa na unyevu chini ya nyayo zake, kivuko kikawa hapa, asubuhi ile ikawa asubuhi hii, na Sikitu akasimama mbele yake na fimbo za ngoma mkononi, mfupi kuliko alivyomtunga, na pua ina jasho.

"Baba, naomba maji," akasema msichana.

Alikuwa na kibuyu. Hakujua alikitoa wapi. Akampa. Msichana akanywa kama wanywavyo watoto, kwa pupa, maji yanamchuruzika. Akamrudishia, akasema ahsante. Hapo ndipo mwezekaji aliposhika mpini kwa nguvu zake zote ausimamishe mkono usiinuke, akaushika, akaushika, asijue kama ameweza, kwa sababu huko juu magogo yalikuwa yametoa sauti.

*

Maji yalifika chini mchana ule ule, mekundu, na majani na panya waliokufa. Watu waliyanywa hivyo hivyo. Mwili haukupatikana, wala upanga. Jumbe Kitwana aliwatuma wazamiaji, wakarudi na matope. Baraza likakubali kwamba Kiangazi amekufa, maana pande mbili zimeona, na Mashavu akaruhusiwa kulia.

Kwa desturi yao, mwenye kulia hutaja kwanza alama moja ya mwili wa marehemu, ili kilio kisipotee njia. Na kwa kuwa Kiangazi alikuwa mmoja, aliruhusiwa alama moja. Mashavu akafungua kinywa mbele ya kijiji kizima akataja kovu kwenye nyusi. Akalia siku hiyo mpaka sauti ikakatika, na haikurudi tena kama ilivyokuwa.

Jirani mmoja akamvuta pembeni. "Mbona huyu wa majuzi hakuwa na kovu?"

"Huyu nilimwona akienda," Mashavu akasema.

Iligharimu hivi. Mwezekaji mmoja, ambaye jina lake halikupatikana. Upanga mmoja, na pamoja nao shujaa wa pekee wa nchi ile, hata watu wa Juu sasa hushuka wanapotaka. Kilio kimoja, kilichokwenda kwa aliyeua. Waliouawa kivukoni walikuwa tisa, na hakurudi hata mmoja. Na wale aliowaua mwezekaji mwenyewe, kwa mkono wake, katika vita viwili, ndugu zao wakija leo na fimbo kuuliza, hawatamkuta mtu.